Mathari na Mji wa Nyeri: Turathi ya Misheni Chini ya Mlima Kenya

(Mhadhara uliotolewa mjini Nyeri mbele ya walimu, makatekista, wanafunzi na wapenzi wa historia)



Sina budi kuwashukuru walionialika kupanda kutoka joto la Mombasa hadi baridi hii ya Nyeri, ambayo mwenyeji wangu aliniambia jana usiku kuwa si baridi bado, na kwamba niingoje Julai. Mwaliko wa namna hii humtia mtu wa pwani furaha na hofu kwa pamoja: furaha kwa kuwa Nyeri ina mengi ya kusimuliwa, na hofu kwa kuwa wanaoyajua hayo kuliko mimi ndio walioketi hapa mbele yangu.

Makusudio yangu ni kudhihirisha kwamba misheni ya Mathari ni usuli wa mji huu sawasawa na ngome ya serikali ambayo vitabu vyetu vya shule huanza nayo, na kwamba turathi yake, kwa mazuri yake na machungu yake, ni mali ya watu wote wa Nyeri, awe Mkatoliki au asiwe. Nami nayanena haya nikiwa Mwislamu, mwana wa madrasa, nisiye na parokia ya kuitetea. Nitayapanga maneno yangu katika hoja nne, wala msitaraji zilingane urefu, maana mambo yenyewe hayalingani.

Hoja ya kwanza: ya kuwa nyumba ya sala huweza kuzaa mji, na huweza isizae

Katika nchi ya Ureno, kaskazini ya Lisbon, uko mji mdogo uitwao Alcobaça, ambao haungekuwapo lau mfalme wa kwanza wa Wareno, Afonso Henriques, asingaliwapa ardhi watawa wa Sitosi mwaka 1153. Watawa wale walikuja na sala zao, lakini walikuja pia na majembe. Walifyeka misitu, wakakausha vinamasi, wakapanda miti ya matunda, na mwaka 1269 wakafungua darasa kwa watu wa nje ya monasteri. Jiko lao lipo hata leo, lenye dohani pana kama chumba na mfereji wa maji ya mto uliopitishwa ndani yake ili wapishi wasihangaike kuchota. Mwaka 1834 serikali ya Ureno ilizifunga nyumba za watawa wa kiume nchi nzima, na watawa wa Alcobaça wakatawanyika. Lakini mji haukufa, na tufaha za wilaya ile zinauzwa sokoni mpaka leo kwa jina la mji huo. Watawa wamekwenda zao karibu miaka 200 iliyopita, na bustani ingali inalisha watu.

Sasa tuitazame pwani yetu, ambako Wareno hao hao walileta watawa wao. Waagostino walifungua nyumba Mombasa mwaka 1597, miaka michache tu baada ya ujenzi wa Ngome ya Yesu kuanza mwaka 1593, nao wakabatiza watu na kufundisha kwa muda wa zaidi ya miaka 30. Kisha ikaja Agosti ya 1631, pale Sultani Yusuf bin Hassan, ambaye Wareno walimlea Goa, wakambatiza na kumwita Dom Jerónimo, alipoingia ngomeni, akamwua kepteni wa Kireno kwa mkono wake na kuirudia dini ya baba zake. Mapadre wakauawa pamoja na Wakristo wengi, Wareno na Waafrika. Wareno walirudi baadaye wakakaa hadi Waomani walipoitwaa ngome mwaka 1698, lakini nyumba ile ya watawa haikuacha mji wala shamba wala shule nyuma yake.

Mtauliza tofauti ni nini. Wengine husema ni Uislamu, uliokuwa umekwisha kuota mizizi pwani karne nyingi kabla, na hilo ni kweli; lakini mimi naiona sababu nyingine tena, nayo ni kwamba nyumba ya Mombasa iliishi kwa mzinga wa ngome, haikupata kushika jembe pamoja na jirani zake. Ngome ilipotikisika, hapakuwa na jirani wa kuisitiri. Ndiyo maana nitawaombeni, tunapoitazama Mathari, tuulize kila mara: hapa nani alishika jembe, na jembe hilo lilikuwa la nani?

Hoja ya pili: ya kuwa Nyeri ina wazazi wawili, na hakuna aliye safi kuliko mwenziwe

Tarehe 8 Mei 1902 watu wanne waliondoka Torino, Italia: mapadre Tommaso Gays na Filippo Perlo, na mabradha Celeste Lusso na Luigi Falda. Shirika lao, la Konsolata, lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili, maana padre Giuseppe Allamano alilianzisha tarehe 29 Januari 1901; yeye mwenyewe hakupata kukanyaga Afrika hata siku moja, na Oktoba 2024 Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu. Nchi hii yote wakati ule ilikuwa chini ya Askofu Allgeyer wa Zanzibar, kwa hiyo, mkitaka kujua, hata Ukatoliki wa mlimani ulipita kwanza kwetu kuomba ruhusa. Reli ya Uganda iliwafikisha Nairobi. Kutoka hapo walitembea hadi Murang'a, na wakapanda mpaka Tuthu, kwenye ukingo wa msitu wa Nyandarua, kwa mtemi Karuri wa Gakure. Waliwasili tarehe 28 Juni, na kesho yake, siku ya Mitume Petro na Paulo, ikasomwa misa ya kwanza.

Karuri aliwapokea wageni, naye ana haki ya kukumbukwa kwa hilo. Lakini tusimfanye malaika. Alikuwa mtu wa biashara na siasa, ambaye kabla ya hapo alishirikiana na yule mjasiri wa Kiingereza John Boyes, na aliyajua vyema manufaa ya kuwa na mgeni mwenye vyombo, dawa na maandishi karibu na boma lake. Alibatizwa mwaka 1916, baada ya kuishi na majirani hao miaka 14, jambo linaloonyesha kwamba hakuwa na pupa.

Mwisho wa mwaka huo huo wa 1902, afisa Mwingereza Richard Meinertzhagen alipanda na jeshi dhidi ya watu wa Tetu, na baada ya umwagaji damu, ambao yeye mwenyewe aliuandika bila haya katika shajara yake, pakachaguliwa mahali pa ngome ya serikali chini ya kilima cha Nyeri. Vitabu huuhesabu mji tangu hapo. Lakini katika miaka michache iliyofuata wamisheni nao walishuka kutoka Tuthu, wakapata ardhi Mathari, mwendo mfupi kutoka ngomeni, na pale ndipo palipokuwa kitovu cha kazi yao. Sitaki kusema kwamba walikuja mikono mitupu na wengine wakaja na bunduki, maana njia waliyoipita kuingia Nyeri ilikuwa imefunguliwa na bunduki hiyo hiyo. Nasema tu kwamba ngome ilizaa ofisi, gereza na soko, na Mathari ilizaa shule, hospitali, karakana na shamba. Na mtu wa Nyeri wa leo, akijichunguza, atakuta alama za pande zote mbili.

Mambo ya utawala nitayapita kwa haraka. Machi 1904 wamisheni walikutana Murang'a siku tatu wakapanga namna ya kazi: kuzuru vijiji, kufungua shule, kutibu wagonjwa na kuandaa makatekista. Mwaka 1905 nchi yao ilitengwa na Zanzibar. Mwaka 1909 ikawa vikarieti na Perlo akawa askofu. Mwaka 1926 jina la Nyeri likaingia rasmi. Mwaka 1953 ikawa jimbo. Mwaka 1964 Caesar Gatimu, mwana wa nchi hii, akakikalia kiti cha uaskofu. Na mwaka 1990 ikawa jimbo kuu.

Hoja ya tatu: ya kuwa turathi hii imo katika kazi na mikono zaidi kuliko katika mawe

Mgeni akija Nyeri kutafuta turathi huonyeshwa majengo. Huonyeshwa kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, aliyefia hapa Januari 1941, na huonyeshwa kanisa la ukumbusho la Waitalia lililojengwa Mathari mwaka 1952, ambamo wamezikwa wanajeshi 676 wa Italia waliofia nchi hii, wengi wao wakiwa mateka wa vita, pamoja na kamanda wao, Mtawala Amedeo wa Aosta, aliyefariki Nairobi Machi 1942. Nimelizuru kanisa hilo na nimeyasoma majina ukutani. Ni mahali pa heshima, na sina neno baya juu yake. Ila mtu hutoka nje akajiuliza: ikiwa askari wa ugenini wamehifadhiwa majina yao mmoja mmoja katika mawe, je, wapagazi wa Nyeri waliokufa kwa maelfu katika vita vya 1914 hadi 1918, wakibeba mizigo ya Waingereza hadi Lindi na Kilwa, majina yao yako ukuta gani?

Swali hilo linatufikisha kwa Sista Irene Stefani. Alizaliwa Anfo, kaskazini ya Italia, mwaka 1891, akafika Kenya mwaka 1915, na kabla ya kupata muda wa kukaa alipelekwa katika hospitali za wapagazi: Voi, kisha Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Hospitali zile zilikuwa mabanda ambamo watu walilala chini wakiumwa kuhara damu na homa ya mapafu. Mwaka 1920 akatumwa Gikondi, Mukurwe-ini, na huko akaishi miaka 10, akifundisha na kutembea vilima vile kwa viatu vizito vilivyokwisha nyayo. Wazee wa Gikondi walisimulia jambo moja ambalo mimi nalithamini kuliko miujiza, na mapadre waniwie radhi: akina mama ambao watoto wao walikwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa walimjia awaandikie barua, naye aliandika, na majibu yalipokuja aliyabeba mwenyewe hadi nyumbani kwao akawasomea. Wagikuyu walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Oktoba 1930 alimwuguza mwalimu aliyeshikwa na tauni, akaambukizwa, akafa tarehe 31 mwezi huo, akiwa na miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015 alitangazwa mwenyeheri hapa hapa Nyeri, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na mabaki yake yamo katika kanisa kuu lenu.

Lakini Irene hakuwa peke yake, wala hakuwa wa kwanza. Masista wa Cottolengo walifika kutoka Torino mwaka 1903, kabla Allamano hajaanzisha shirika la masista wake mwenyewe mwaka 1910. Na mwaka 1918 likaanzishwa shirika la masista wa nchi hii, Masista wa Maria Immakulata wa Nyeri. Hebu fikirini ujasiri wa msichana wa Kigikuyu wa mwaka ule, ambaye ndugu zake walitaraji mahari yake, kwenda kuwaambia baba na wajomba kwamba hataolewa kabisa. Visa hivyo, na vilikuwa vingi, havijaandikwa inavyostahili, ilhali visa vya mapadre vimejaza makabati.

Nije sasa kwenye vyombo. Huko Tuthu, miaka ile ya mwanzo, mabradha walisimamisha kiwanda cha mbao kilichoendeshwa kwa maji, na kwa mbao zake zikajengwa nyumba na makanisa ya vituo vilivyofuata. Mathari ikaja kuwa shamba kubwa la kahawa. Walio na umri wangu hapa hawahitaji kuelezwa: buni nyekundu huchumwa moja moja, mbichi zikaachwa mtini, debe likijaa mchumaji hupeleka kupimwa, kisha buni humenywa maganda kwa mashine, huachwa zichachuke, huoshwa, na huanikwa juu ya vitanda vya waya ambako mtu husimama mchana kutwa akizigeuza kwa mikono na kuzifunika mvua inaponyemelea. Kwa kazi hiyo zililipwa karo na mishahara, na mitungi ya dawa ikajazwa hospitalini. Mwenye kusema kwamba misheni iliwajengea watu hospitali hakukosea, bali amesahau nusu ya sentensi: watu wenyewe, kwa debe lao, ndio walioijenga.

Kisha kuna chapa. Mwaka 1916 lilianza kutoka Nyeri gazeti la Kigikuyu liitwalo Wathiomo Mukinyu, na mwaka 1933 shule ya uchapaji ya misheni ikachapa kitabu cha Padre Cagnolo, The Akikuyu, kinachoeleza mila na desturi za watu wa nchi hii. Ni kitabu chenye faida kubwa na hukumu nyingine nzito ambazo mwandishi hakuwa na haki ya kuzitoa. Ila jambo linalonishangaza ni hili: kurasa zile, pamoja na zile zinazozisema vibaya mila za wazee, zilipita mikononi mwa vijana wa shule hiyo, waliopanga herufi za risasi moja baada ya moja, kinyumenyume, katika lugha ya Kiingereza. Walisoma nini walipokuwa wakipanga? Walicheka? Walikasirika? Jina la mwandishi liko juu ya jalada. Ya wapangaji hayapo.

Hoja ya nne: ya kuwa wema wa misheni haufuti madai juu yake

Mtu mwenye insafu hawezi kulisifu shamba la kahawa la Mathari akanyamaza juu ya jambo hili, kwamba kwa miaka mingi Mgikuyu aliyeijua kahawa tangu mche hadi gunia hakuruhusiwa na serikali kuipanda kwake. Ruhusa ya kweli ilikuja miaka ya 1950. Sheria haikutungwa na mapadre. Lakini mapadre walivuna chini ya kivuli chake, na ardhi waliyoilima ilikuwa na wenyewe kabla yao. Na mkiniambia kwamba walowezi wa Nanyuki na Naro Moru walifanya makubwa zaidi, nitajibu kwamba walowezi hawakuhubiri kila Jumapili.

Kwa upande mwingine, lazima ikumbukwe mwaka 1929, wakati wa mzozo wa tohara ya wasichana, ambapo makanisa ya Kiprotestanti, wakiwamo jirani zenu Waskoti wa Tumutumu, yaliwataka waumini wao waikane desturi hiyo waziwazi, na watu wengi wakahama, wakaanzisha shule na makanisa yao. Wakatoliki hawakuweka sharti hilo. Waliokuja Mathari mwaka ule hawakuja wote kwa ajili ya sakramenti. Sitoi hukumu nani alikuwa sahihi, maana suala lenyewe lina machungu yake kwa wanawake, nao ndio wenye kustahili kulisemea.

Nataka niwape ushahidi wa watu wawili, ambao Nyeri inawajua kuliko mimi.

Wa kwanza ni Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni. Alisoma Tumutumu, kwa Waskoti; hakuwa mwana wa Mathari. Alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa mjini hapa, na akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Usiku wa kuamkia siku hiyo alimwandikia waraka Padre Marino wa misheni ya Katoliki ya Nyeri, aliyekuwa akimzuru kifungoni, akimwomba amwangalie mwanawe apate shule, na asiache kwenda kumliwaza mama yake mzee. Misheni hiyo, kwa macho ya wengi wa msituni, ilikuwa upande wa serikali. Hata hivyo, saa ile ambayo mtu hana haja ya kumbembeleza yeyote, mambo aliyoyakabidhi kwa padre yule yalikuwa shule ya mtoto na faraja ya mama, nayo ni yale ambayo misheni iliyafanya vizuri. Msomaji wa haraka hutaka waraka huo umfanye Kimathi mtakatifu, au uifanye misheni isiwe na lawama. Mimi siuoni ukifanya lolote kati ya hayo. Nauona ukitaja kwa usahihi mambo mawili.

Wa pili ni Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940 na kuletwa shule ya Mtakatifu Cecilia, Mathari, akiwa msichana wa miaka 11. Katika kumbukumbu zake aliwasifu masista kwa upendo na bidii, na papo hapo akaeleza jinsi mwanafunzi aliyepatikana akisema Kigikuyu alivyovishwa kifungo cha aibu. Baadaye alikwenda Atchison, Kansas, Marekani, chuo cha masista Wabenedikto wa Mount St. Scholastica, na huko akahitimu biolojia mwaka 1964. Kwa hiyo, ikiwa kuna mtu wa Nyeri aliyeguswa na mila ya kale ya monasteri, ya sala na kazi za mikono, ndiye huyo, ambaye mwaka 2004 alipewa tuzo ya Nobel ya amani kwa kupanda miti. Wala haikumbidi aifiche aibu ya kifungo ili ashukuru fadhila ya masista. Aliyaandika yote mawili katika kitabu kimoja.

Kuhusu yaliyo mbele

Mheshimiwa Mwenyekiti, muda unanikimbia, na naona masista wa jikoni wameanza kuchungulia mlangoni. Nitoe maombi machache.

La kwanza, nakala za zamani za Wathiomo Mukinyu zikusanywe na kuhifadhiwa kwa njia za kisasa, na zipatikane katika maktaba za shule, si katika ofisi ya askofu pekee. La pili, picha walizopiga wamisheni tangu mwaka 1902, ambazo nyingi zimo katika hifadhi za shirika huko Italia, ziombwe nakala, ziletwe huku, na ziwekwe mbele ya wazee wa Tuthu, Gikondi na Tetu wataje majina, maana wengi katika picha hizo wameandikwa "mwanamke wa Kigikuyu" au "kijana wa misheni" na hakuna zaidi. La tatu, liandikwe daftari la makatekista, wapangaji herufi, wauguzi, wapasua mbao na wachumaji wa kahawa, kijiji kwa kijiji, na wasiokuwa Wakatoliki wasiachwe nje, wala waliofukuzwa kazi, wala waliogombana na mapadre. La nne linawahusu wenye jimbo, nami nalisema kwa adabu: hati za ardhi ya Mathari zifunguliwe kwa watafiti, hata zile zitakazowaudhi baadhi ya watu.

Kazi hii haiwezi kungoja fedha za wafadhili. Waliopanga herufi mwaka 1933 hawapo tena, lakini wana wao wapo, na waliochuma kahawa miaka ya 1950 wanakaa hatua chache kutoka hapa. Mwalimu mmoja wa historia ameniambia asubuhi hii kwamba muhula ujao wanafunzi wake wa kidato cha tatu wataanza na Gikondi, kwa kalamu na simu za kurekodia sauti, wakianzia kwa bibi zao wenyewe. Nimemwahidi kurudi Nyeri Julai kuyasikiliza waliyoyapata, baridi iwe itakavyokuwa.